Kabla Mchange Pesa ya Gari: Huyu Mnyama Alifikaje Hapa?

Wasee, likizo ikikaribia kila mbogi huwa na mpango ule ule: tukodi gari, tuzunguke, tuone wanyama. Mmoja anafungua kikundi cha WhatsApp, mwingine anaandika majina ya wanaokuja, wa tatu anauliza kama nyama choma imo kwa hiyo bajeti. Siku mbili baadaye mazungumzo yote ni nguo za kuvaa kwa picha. Hakuna ubaya, picha ni picha.

Lakini leo nataka kuwapa safari iliyo na kitu ndani. Inaanzia Malindi, inapanda Mombasa, Tsavo, Nairobi, inaishia Nanyuki. Ni kama kilomita 800 hivi. Na kila mnaposimama, swali ni moja tu: huyu mnyama alifikaje hapa?

Mbona swali hilo? Kwa sababu mtandaoni kuna kambi mbili zinazorushiana maneno kila mwezi. Kambi ya kwanza inasema zuu zote ni jela, fungueni milango. Ya pili inasema bila zuu wanyama wangeisha zamani. Mimi naona kambi zote mbili zimeruka historia. Ukijua mnyama alitoka wapi, nani alimtoa na kwa nini, utajua kama pale alipo ni jela, hospitali ama nyumbani. Bila hiyo, unabishana tu.

Malindi na Bamburi

Anzeni Malindi, hata kama hapo mtasimama tu ufuoni mkitazama bahari. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China, kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Hiyo ni miaka 80 na zaidi kabla Vasco da Gama hajaonekana huku. Wachina walimwona wakasema huyu ni *qilin*, mnyama wa hadithi zao ambaye huja tu wakati mtawala ni mwema. Mfalme alifurahi, si unajua. Kwa hivyo mnyama wetu wa kwanza kuwa maarufu ng'ambo alienda kama zawadi kati ya watawala. Hakuibwa, lakini pia hakuna aliyemuuliza.

Kutoka hapo teremkeni na barabara ya Kilifi mpaka Bamburi, nje kidogo ya Mombasa, muingie Haller Park. Hii ni moja ya hadithi kali zaidi nchini na wengi hupita wakidhani ni bustani ya kawaida tu. Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikawa kinachimba mawe ya matumbawe mpaka kikaacha jangwa jeupe, lenye joto na maji ya chumvichumvi. Nyumba nyingi za nchi hii zilijengwa kwa saruji iliyotoka kwa yale mashimo, kwa hivyo usijifanye hayakuhusu.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kupanda miti mle ndani. Alijaribu aina nyingi na karibu zote zikakufa. Mvinje ndio uliokubali kabisa. Shida ikawa majani yake, yale membamba kama sindano, hayakuwa yanaoza. Yalirundikana tu. Basi wakaletwa jongoo, wale wekundu miguu, wakayala yale majani na kuyageuza mbolea. Udongo ukaanza kutengenezeka juu ya jiwe. Yaani ule msitu mnaopigia picha umejengwa na jongoo, yule yule ambaye wengi wenu mkimwona bafuni mnapiga nduru.

Hapo pia ndipo aliletwa Owen. Mnaikumbuka tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004? Wengi wenu mlikuwa wadogo ama hamjazaliwa. Mtoto wa kiboko alitenganishwa na wenzake karibu na mdomo wa mto Sabaki, watu wa Malindi wakamwokoa baharini, akapelekwa Haller Park. Akafika akamng'ang'ania kobe mzee wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130, jina lake Mzee. Walikula pamoja na kulala pamoja, dunia nzima ikaandika habari zao. Sasa uliza lile swali kwa wote wawili. Kiboko aliletwa na mafuriko. Na kobe je? Aldabra iko Shelisheli. Enzi za matanga mabaharia walikuwa wakiwapakia kobe hawa melini wakiwa hai, kama nyama ya akiba, kwa sababu wanakaa muda mrefu bila kula. Kisiwa baada ya kisiwa kobe wakubwa waliisha hivyo katika Bahari ya Hindi.

Tsavo, msipite mmelala

Barabara ya Mombasa msiendeshe usiku. Malori ni mengi, na mchana ndio mnaona kitu. Mkifika daraja la mto Tsavo, mwenye zamu ya muziki apunguze sauti kidogo. Mwaka 1898, reli ya Uganda ikijengwa hapo, simba wawili dume wasio na manyoya ya shingo walikuwa wakiwatoa wafanyakazi kwenye mahema usiku. Wafanyakazi wenyewe walikuwa Wahindi walioletwa na Waingereza, na Waafrika. Bwana Patterson, mhandisi wa daraja, aliwaua simba wote wawili mwezi Desemba, kisha akaandika kitabu. Yeye alidai waliuawa watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao miaka mingi baadaye walikadiria kama 35.

Simba wenyewe wako wapi? Chicago. Patterson alikaa na ngozi zao kama mazulia kwa robo karne, halafu mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field kwa dola 5,000. Mpaka leo wamesimamishwa mle ndani kwenye kioo. Mtoto wa Chicago anaenda kuwaona na basi la shule. Mtoto wa Voi, ambako ni jirani na kilipotokea kisa, atahitaji viza.

Na ukiona vizuri, Patterson anajulikana, simba wanajulikana, mpaka daraja linajulikana. Wale wafanyakazi waliokufa, wengi hata majina hatuna.

Nairobi, mnaidhani mnaijua

Mbuga ya Nairobi ilitangazwa Desemba 1946, ya kwanza Kenya. Aliyeipigania sana ni Mervyn Cowie, mzungu aliyezaliwa hapa hapa. Alivyoifanya ni kama zile posti za kuchokoza watu. Aliandika barua gazetini akijiita "Old Settler", yaani mlowezi wa siku nyingi, akipendekeza wanyama wote wauliwe wakamaliza. Watu waliwaka kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo aliyoitaka. Serikali ikaanza kusikiliza.

Hiyo ndiyo sehemu husimuliwa. Nyingine ni kwamba nyika ile ilikuwa malisho ya Wamaasai, na hata jina Nairobi ni la Kimaa, maji baridi. Simba walipopewa mpaka, mchungaji alifungiwa nje ya mpaka huo huo. Ukisikia leo watu wa Kitengela wakigombana na simba waliokula ng'ombe wao, jua hiyo kesi ilifunguliwa kabla wazazi wako hawajazaliwa.

Pale langoni kuna kituo cha wanyama yatima, kimekuwepo tangu 1964. Wengi tulipelekwa na shule, tukala mkate na soda, tukarudi tukiwa tumeona simba amelala. Lakini kilianzishwa kuwa mahali pa kutunza wanyama walioachwa bila mama ama walioumia. Soma vibao, na ukikuta mtunzaji yuko karibu, msalimie vizuri umuulize huyu alitoka wapi. Utajibiwa kwa jina la kaunti na kisa: mtego, ukame, mtu aliyekuwa akimfuga nyumbani kinyume cha sheria. Kuna wengine hawawezi tena kurudi porini, na hapo neno jela linaanza kukosa maana.

Kisha Lang'ata, kwa twiga. Kituo kile kilitokana na shirika lililoanzishwa mwaka 1979 na Jock Leslie-Melville na mkewe Betty. Twiga wa Rothschild walikuwa wamebaki kama 130 tu Kenya, kwenye shamba kubwa la Soy huko magharibi, na shamba lilikuwa linakatwakatwa ili watu wapewe ardhi. Angalia hiyo hesabu vizuri. Hakuna muovu hapo. Watu walihitaji shamba, kweli kabisa, na twiga walihitaji miti. Ndipo wachache wakaletwa Lang'ata na wengine wakahamishiwa mbuga kama Nakuru. Kwa hivyo yule twiga anayekulamba mkono ukimpa chakula ni wa ukoo wa wakimbizi wa ardhi. Wakenya tunaijua hiyo hadithi hata bila twiga.

Nanyuki, walioenda na waliorudi

Hapa ndipo safari inapopata uzito. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 200, barabara ni nzuri, chukueni sweta.

Kwanza kuna bongo. Siongelei Bongo Flava. Bongo wa milimani ni swala mkubwa wa msituni, mwekundu-kahawia na mistari myeupe ubavuni, na porini anapatikana Kenya pekee duniani. Miaka ya 1960 na 1970 bongo walinaswa kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, wakasafirishwa hadi zuu za Marekani na Ulaya. Huku nyuma wale waliobaki walimalizwa na ukataji miti, magonjwa na wawindaji wenye mbwa, mpaka sasa porini wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Kumbe wale wa ng'ambo walikuwa wanazaana. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa zuu za Marekani walirudishwa Nanyuki, chini ya mlima ule ule. Februari 2025 wakaja wengine 17 kutoka Florida, wakapelekwa Meru.

Sasa niambie, kumnasa bongo mwaka 1970 lilikuwa kosa ama lilikuwa bahati? Mimi naona ni yote mawili. Waliowachukua hawakuwa wakituwekea akiba, walikuwa wanajaza zuu zao. Lakini bila hao 18 leo tungekuwa tunaongea kuhusu mabaki.

Halafu nendeni Ol Pejeta. Kuna sokwe pale, na sokwe si mnyama wa Kenya. Wa kwanza waliletwa mwaka 1993 kutoka Burundi vita vilipozuka, kwa sababu kituo kilichokuwa kinawatunza hakikuwa salama tena.

Na kuna vifaru weupe wa kaskazini. Sudan alinaswa akiwa mtoto mwaka 1975 huko Shambe, sehemu ambayo sasa ni Sudan Kusini. Akaishi kwenye zuu ya Dvůr Králové, Ucheki, zaidi ya miaka 30. Wenzake walioachwa porini waliuawa kwa ajili ya pembe, mpaka wakaisha. Desemba 2009 yeye na wengine watatu waliletwa Ol Pejeta, ikitarajiwa kwamba jua na nyasi za Afrika zitawafanya wazae. Haikuwa. Mwaka 2017 wakamfungulia hadi akaunti ya Tinder ili watu wachange pesa za utafiti. Tulicheka sana. Machi 2018 akafa, akiwa dume wa mwisho. Wamebaki binti yake Najin na mjukuu wake Fatu, majike wawili, basi. Wanasayansi wanajaribu kutengeneza viinitete kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume zilizogandishwa, wapandikizwe kwa vifaru wa kusini.

Kwa wale wawili, swali letu linageuka kidogo. Walifikaje hapa tunajua. Tunachouliza ni tulifikaje sisi, mpaka aina nzima ya mnyama ikatoshea kwenye boma moja.

Basi pangeni hivi

Tengeni siku sita, si wikendi. Bebeni vitambulisho, kwa sababu bei ya raia ni tofauti na ya mgeni, na mbuga za serikali hulipiwa eCitizen, sio kwa keshi langoni. Pigeni simu kila mahali kabla ya kutoka muhakikishe pamefunguliwa. Derefa asiwe mmoja. Na kwenye ile orodha yenu ya mafuta, malazi na chakula, kila mtu apewe mnyama mmoja wa kufuatilia: bongo, twiga, kobe, kifaru, sokwe. Jioni mkiwa mnakula, anasimulia. Dakika tano zinatosha.

Najua kuna atakayesema tumeenda kujibamba, sio darasani. Sawa. Lakini hawa wanyama wamekuwa wakisimuliwa na walowezi, wahandisi, waigizaji na watengenezaji filamu wa nje kwa zaidi ya miaka mia. Sisi tunalipa bei ya raia, tunapiga selfi, tunaondoka. Halafu siku ikitangazwa kwamba barabara itakata mbuga, ama msitu unapunguzwa, tunashindwa la kusema kwa sababu hatukuwahi kujua kilichokuwa pale. Bongo walienda bila kizazi cha wakati huo kuulizwa. Wakienda tena, kizazi kitakachoulizwa ni chetu, na tutahitaji kuwa na jibu.