Majina Chini ya Picha ya Kabaka

Katika kitabu chake Through the Dark Continent, kilichochapwa mwaka 1878, Henry Morton Stanley alitia mchoro wa Kabaka Mutesa wa Kwanza na wakuu wa baraza lake, uliochongwa kutokana na picha aliyoipiga mwenyewe mwaka 1875. Chini yake yametajwa majina manne: Sekebobo, Mtesa, Chambarango na Pokino. Waliobaki ni wakuu wengine tu.

Msomaji wa pwani huyatambua mavazi kabla ya nyuso, kwani kanzu zile asili yake ni kwetu. Ama watu wenyewe, majina hayatoshi kutufikisha kwao. Ssekiboobo ni cheo cha mkuu wa Kyaggwe, na Pookino ni cheo cha mkuu wa Buddu. Akiondoka mmoja, mrithi wake huitwa vivyo hivyo. Kilichoandikwa ni kiti, si aliyekikalia. Kumpata mtu hatuna budi kuuliza nani alishika cheo hicho mwaka ule, na hapo hutufaa tarehe za Waganda wenyewe, kama ile ya Apolo Kaggwa iliyotoka 1901.

Lakini wapo waliokosa hata cheo. Januari ya mwaka huo huo, msafara ule ulipita Unyaturu, katika mkoa wa leo wa Singida. Tarehe 17 Edward Pocock alifia Chiwyu kwa maradhi. Kisha akauawa Kaif Halleck, mngwana aliyewahi kumchukulia Livingstone barua. Vikafuata vita vya Vinyata, wakaanguka watu wa msafara zaidi ya 20. Wanyaturu nao waliuawa na vijiji vyao vikatiwa moto, na kitabu hakikutuhifadhia majina yao.

Hata barazani Mutesa alikuwapo mtu wetu: Dallington Muftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni Unguja, akaachwa kwa Kabaka amsomee na kumfasiria maandiko kwa Kiswahili. Mchoro haumtaji.

Wapagazi wengi wa safari ile waliandikwa Unguja, wakaondoka Bagamoyo Novemba 1874. Sanduku la picha halikufika Buganda kwa miguu yake. Waganda wamewatafuta wakuu wao nyuma ya vyeo. Kuwatafuta waliobeba mizigo, na waliolala Vinyata, ni deni letu sisi watu wa visiwani pamoja na ndugu zetu wa Singida.