Hitilafu, kasoro, bandia, ghushi: maneno ya sarafu zilizokosewa na za kughushi

Kwa ufupi

Sarafu iliyotoka kiwandani ikiwa na sura isiyokusudiwa ni *sarafu yenye hitilafu ya uchapaji*. Sarafu iliyotengenezwa au kubadilishwa na mtu asiye na mamlaka ili ipokewe kama halisi ni *sarafu ghushi*. Ya kwanza ni halisi, na wakusanyaji huweza kuinunua kwa bei inayozidi kima kilichoandikwa juu yake. Ya pili ni zao la jinai. Katika tafsiri nyingi maneno *kosa, kasoro, bandia* na *ghushi* hupishana ovyo, na anayeumia ni mwenye sarafu.

Asili na maana

*Sarafu* (ngeli ya I-/ZI-) imetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kubadilisha fedha; ni jamaa ya kitenzi *kusarifu*.

*Kasoro* ni upungufu. Maana hiyo ingali wazi katika *saa mbili kasorobo*, yaani saa mbili ikipunguzwa robo. Kwa hiyo neno hili linafaa zaidi pale kitu kinapopungua: herufi haikutokea, au kipande cha ukingo hakipo.

*Hitilafu* asili yake ni kutofautiana. Ni pana kuliko kasoro, kwa kuwa hujumuisha pia kilichozidi au kilichohama mahali pake, kama vile picha iliyopigwa mara mbili au iliyokwenda upande.

*Bandia* ni mwanasesere, na kwa upanuzi wa maana ni kitu chochote kinachoigiza kingine. Neno hili hueleza hali ya kitu bila kutaja nia ya mtengenezaji. Sarafu ya kuchezea watoto ni ya bandia, lakini haijamdhulumu mtu.

*Kughushi* ni kudanganya kwa kuchanganya au kuiga. Kitenzi hiki hudai mtendaji na mtendewa. Sarafu yenye metali halisi kabisa huweza kuwa *imeghushiwa* ikiwa mtu amechonga juu yake herufi au tarakimu ili ifanane na toleo adimu. Kwa hiyo si kila bandia ni ghushi, na si kila iliyoghushiwa ni bandia.

Maneno matatu ya kiufundi yanahitajika hapa. *Muhuri* ni chuma kigumu chenye picha iliyochongwa kinyume. *Kisahani* ni kipande cha metali kabla ya kupigwa muhuri. *Kalibu* ni umbo la kumiminia metali iliyoyeyushwa. Kiwanda hupiga kisahani kwa muhuri. Waghushi wengi humimina katika kalibu.

Mfano wa Tabora, 1916

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na fedha ya Wajerumani ilisafiri nayo. Tangu 1904 rupia moja iligawanywa kuwa heller 100. Neno *hela* la Kiswahili cha leo ni kumbukumbu ya sehemu hiyo ndogo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofunga njia ya bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Serikali ya koloni ikaanza kuzichapa yenyewe mwaka 1916 katika karakana ya reli ya eneo la Tabora: heller 5 na heller 20 kwa shaba au shaba ya manjano, na rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko katika mkoa wa leo wa Singida. Herufi T huonyesha mahali zilikochapwa. Kazi hiyo haikudumu, kwa maana majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba mwaka huohuo.

Mihuri ilichongwa kwa mkono na vifaa havikuundwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana sarafu za heller 20 hazilingani: kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na ncha ya herufi L katika neno HELLER haiko vilevile katika zote. Hizi si kasoro wala makosa. Ni *tofauti za muhuri*, kwa sababu kila sarafu ilitoka sawasawa na muhuri wake. Hitilafu huanza pale sarafu inapokwenda kinyume cha muhuri uliokusudiwa: picha imehama kati, au nusu ya maandishi haikupokea shinikizo la kutosha.

Sarafu ya rupia 15, maarufu kwa picha ya tembo mbele ya mlima, ni dhahabu ya karati 18 na uzito wake ni takriban gramu 7.17. Zilichapwa zipatazo 16,000 tu. Kwa hiyo imeghushiwa sana.

Kipimo cha maana: kilitokea lini, na kwa mkono wa nani?

Swali hili moja hutenganisha maneno yote yaliyotangulia. Jibu lake huonekana kwenye metali yenyewe.

1. *Kabla ya kupigwa.* Kisahani kikikatwa vibaya kiwandani, sarafu huwa na pengo lenye umbo la hilali. Mara nyingi ukingo ulio mkabala na pengo hilo hutoka dhaifu, kwa kuwa shinikizo halikuwa na pa kuegemea. Pengo lililokatwa baadaye kwa mkasi au tupa huacha ukingo wa upande wa pili ukiwa kamili.

2. *Wakati wa kupigwa.* Muhuri ukipasuka, metali hujaa katika ufa, na sarafu hupata mstari *ulioinuka*. Mkwaruzo wa baadaye huacha mstari *uliozama*.

3. *Baada ya kupigwa.* Kutobolewa, kupondwa, kuunguzwa na kulika ni *uharibifu*. Kupungua kwa picha kwa sababu ya kushikwa na watu ni *uchakavu*. Sarafu iliyoharibika haiitwi yenye hitilafu, hata ikiwa ya ajabu kiasi gani.

4. *Nje ya kiwanda tangu mwanzo.* Sarafu ya kalibu huwa na vitundu vidogo juu ya uso, herufi zenye kingo za mviringo, na pengine mshono ukingoni. Dalili yenye nguvu zaidi ni alama inayojirudia: kovu ambalo sarafu halisi ililipata mitaani halipaswi kuonekana mahali palepale katika sarafu ya pili. Likionekana, basi zote mbili, au mojawapo, ni zao la kalibu.

Mizani husaidia kuliko macho. Rupia 15 ya shaba ya manjano yenye ukubwa uleule itakuwa nyepesi mno. Sumaku husaidia kwa masharti: dhahabu haivutwi, lakini shilingi 500 ya Tanzania iliyoanza kutumika mwaka 2014 ni ya chuma kilichopakwa nikeli, hivyo kuvutwa na sumaku si ushahidi kwamba ni ghushi.

Tahadhari kwa wafasiri: “kosa la sarafu”

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina makosa yanayohusu sarafu, likiwemo la kupunguza uzito wa sarafu kwa hila. Huko *kosa* ni jinai. Kwa mkusanyaji, *kosa* ni ajali ya mtambo. Maana hizi mbili hukutana kwa urahisi mahali kama Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, ambako chuo kikuu hufundisha sheria na mashamba ya jirani yalilimwa tangu enzi ya hela na rupia.

Chukua mfano wa kubuni. Mkulima wa Mzumbe ameokota heller 20 yenye pengo ukingoni, na mnunuzi wa ng’ambo amemwandikia kwamba kisahani kilikatwa vibaya kiwandani. Mfasiri akiandika “sarafu yako imekatwa,” mkulima atadhani imeharibika na kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Akiandika “ina kosa la sarafu,” msomaji wa sheria ataona tuhuma. Akiandika “ni bandia,” mkulima huenda akaitupa.

- Epuka: *Sarafu hii imekatwa.* Andika: *Kisahani cha sarafu hii kilikatwa vibaya kabla ya kupigwa muhuri.*
- Epuka: *Ina kosa la sarafu.* Andika: *Ina hitilafu ya uchapaji.*
- Epuka: *Sarafu ghushi ya maonyesho.* Andika: *Nakala ya maonyesho* au *sarafu ya bandia*, ikiwa haikutengenezwa ili kumdanganya mtu.
- Epuka: *Sarafu ya bandia iliyoongezwa herufi T.* Andika: *Sarafu halisi iliyoghushiwa kwa kuongezwa herufi T.*

Pale ambapo ushahidi hautoshi, *sarafu inayotiliwa shaka* ndiyo kauli ya haki. Neno *ghushi* lingoje mizani na lenzi, kwa kuwa humtaja mtu hata pasipotajwa jina lake.

*Maneno yanayohusiana:* chapa, hela, kalibu, kima, muhuri, noti, pesa, rupia.