Ngalawa ya Zinga, Chombo cha Maji Yote

Anayesoma historia ya Bagamoyo hukutana kwanza na majahazi. Ndiyo yaliyovusha pembe za ndovu, kopra na watumwa kwenda Unguja, na ndiyo yaliyochorwa na wageni waliopita pwani hii katika karne ya 19. Ngalawa ikitajwa, hutajwa pembeni, kama chombo cha mvuvi asiye na uwezo wa kununua kingine. Makala haya yana msimamo tofauti. Katika ukanda wa vijiji vya Zinga, Mlingotini, Mbegani na Kaole, karibu na Bagamoyo, ngalawa ilidumu kwa sababu watu walioijua bahari yao waliipima pamoja na vyombo vingine na kuona inafaa. Ni chombo cha maji ya kila namna, na kwa sababu hiyo hiyo ni chombo kinachomtaka mtu aliyekwisha kukomaa baharini.

Ili kuelewa uchaguzi huo, lazima kuanza na maji yenyewe. Pwani ya Zinga haina bahari moja. Kuna vijito vya mikoko na maji tulivu ya Mbegani yaliyokingwa na Ras Luale. Kuna matope na mchanga unaobaki mkavu maji yakipwa. Kuna mafungu na miamba. Na nje yake kuna mkondo wa Zanzibar, ambao upande wa pili wake, kiasi cha kilomita 40, ndiyo Unguja. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 3 hadi 4, kwa hiyo mahali palipopitika asubuhi huweza kuwa uwanja wa kaa adhuhuri. Juu ya hayo kuna pepo: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi inayoanza Aprili na kuvuma kwa nguvu miezi ya katikati ya mwaka, na kati yake maleleji, upepo usipojulikana utageukia wapi. Mvuvi anayetoka alfajiri na kurudi alasiri hukutana na karibu aina zote hizo za maji katika safari moja, na chombo anacho kimoja tu.

Vyombo vya kuchagua havikukosekana. Mtumbwi wa gogo ni mwepesi na rahisi kuukarabati, lakini ukipandishwa tanga katika mawimbi hupinduka. Dau la mbao hubeba zaidi, ila huhitaji mataruma, misumari na kalafati ya kila mara. Mashua ina mkuku na nafasi ya nyavu na mabaharia wengi, na hustahimili bahari ya nje, lakini juu ya mwamba wenye maji ya magotini haipiti. Jahazi ni la masafa na shehena: boriti, chumvi, nazi. Kuchagua kati ya vyombo ni desturi ya kale katika pwani hii. Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kinaeleza kwamba wenyeji wa kisiwa cha Menouthias walikuwa na vyombo vya mbao zilizoshonwa pamoja na mitumbwi ya magogo, wakivitumia kuvulia samaki na kasa. Tayari wakati huo aina mbili ziliishi pamoja, kila moja na kazi yake.

Ngalawa ilikuja kujaza pengo lililobaki kati ya mtumbwi na mashua. Mwili wake ni gogo, mara nyingi la mwembe, lililochongwa kwa tezo hadi likawa jembamba; kwa kuwa halina mkuku, hupita juu ya fungu na kuvutwa ufukweni na watu wachache. Uthabiti unatoka ubavuni, kwenye matengo: miti miwili iliyokingama juu ya mwili, na kila upande, kwenye ncha zake, ubao uliofungwa kwa mshazari ili mwendo wa chombo uunyanyue badala ya kuuzamisha. Jambo la kutazama kwa makini ni vifungo. Miti hiyo hufungwa kwa kamba, zamani za makumbi na siku hizi za nailoni. Kamba hunyumbuka pale ambapo msumari ungepasua mti, na ikikatika baharini hufungwa upya papo hapo bila fundi wala zana ya chuma. Kwa tanga la pembe tatu ngalawa hukimbia sana upepo ukiwa wa ubavuni. Upepo ukifa, baharia hushika kasia, na kwenye kina kidogo hushika upondo.

Lakini sifa hizo zina bei yake. Upepo ukizidi, tengo la upande wa demani, ule usioelekea upepo, huanza kuzama, na likizama kwa kasi huweza kuvunjika au kukipindua chombo. Hapo ndipo mmoja hutoka nje na kusimama juu ya mti wa upande wa joshi, unakotoka upepo, ili kusawazisha uzito, huku mwenzake akilegeza kamba ya tanga. Kukosea kwa dakika moja ni hatari. Tena ngalawa haiwi bora kuliko mashua nje mkondoni, wala kuliko mtumbwi ndani ya mikoko. Ubora wake ni kuvuka kutoka huku hadi kule bila kubadili chombo, na daraja la kuvukia ni ujuzi wa aliyemo.

Ushahidi kwamba kina cha maji ndicho kinachoamua uko katika historia ya Bagamoyo yenyewe. Mji huo haukuwa na bandari ya kina. Ulistawi kwa sababu vyombo vya wakati huo viliweza kusogea ufukweni na kukaa juu ya mchanga maji yakipwa. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, na meli za barua za kampuni ya British India zilipoanza kufika Zanzibar 1872, vyombo vilivyobeba biashara kubwa vikawa vya aina nyingine. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu, lakini 1891 wakahamia Dar es Salaam, ambako meli kubwa zilipata maji ya kina na kinga. Biashara iliufuata mkuku mrefu. Wavuvi wa Zinga hawakuhama, kwa sababu chombo chao hakikuwa na haja ya bandari ile.

Wapo watakaosema huku ni kuupamba umaskini: watu walitumia ngalawa kwa kukosa fedha. Fedha zilikuwa na sehemu yake, hilo halikanushiki. Lakini chombo cha mtu asiye na kitu kilikuwa mtumbwi. Matengo ni nyongeza: yanadai mbao zaidi, kamba, tanga na siku za kazi za fundi. Anayeongeza gharama hiyo ananunua uwezo wa kutoka nje ya miamba na kurudi. Wengine watasema matengo si ya kwetu, kwamba asili yake ni kwa mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki, watu wa asili moja na waliohamia Madagaska. Wataalamu wengi wanakubali asili hiyo. Hata hivyo mwembe nao ulitoka Asia, na tanga la pembe tatu limeenea Bahari ya Hindi nzima. Mafundi wa pwani waliviunganisha vitu hivyo kuwa chombo kinacholingana na mafungu na pepo za hapa, na kazi hiyo ya kuunganisha ni yao.

Pingamizi zito zaidi ni la leo. Mashine na faiba zimefika, miembe mikubwa yenye gogo lililonyooka imepungua, na ngalawa haina nafasi ya barafu wala ya samaki wengi. Yote hayo ni kweli, na anayetaka kuvua jodari nje mkondoni anahitaji boti yenye injini. Mbegani yenyewe, jirani na Zinga, kuna chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norway, ambacho leo ni kampasi ya wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, FETA, na mafunzo ya namna hiyo yanahitajika. Ila boti mpya haiyafuti maswali ya zamani. Inahitaji kina gani kupita mwambani? Nani ataivuta ufukweni? Ikiharibika saa nane mchana kusi ikivuma, itarudije? Mafuta yakipanda bei, safari itaacha faida? Serikali na mabenki yanayowakopesha wavuvi boti za kisasa yangefanya vyema kuanza na maswali hayo, kijiji kwa kijiji, na kuwasikiliza manahodha wa ngalawa kabla ya kuagiza. Boti inayofaa Mafia huenda isifae Zinga, na mkopo wa chombo kisichofaa hulipwa na mvuvi hata kama chombo kimelala mchangani.