Land Cruiser yenyewe ilizaliwa kwa kubadilishiwa injini

Haya jamani, leo tuziache programu na seva zipumzike, tuzungumze chuma. Kuna ubishi ambao hauishi kila wanapokutana wapenzi wa magari ya zamani hapa Kenya. Mtu ana pikap ya Land Cruiser FJ45 ya miaka ya 70. Bodi bado iko sawa, fremu haijaoza, lakini injini yake ya petroli inakunywa mafuta kama ngamia aliyetoka Chalbi. Anataka kuing'oa aweke 1HZ, ile ya dizeli ya silinda sita iliyotoka mwaka 1990. Wakereketwa wanamrukia: unaharibu historia! Mimi nasema wanaopiga kelele hizo hawaijui vizuri historia ya gari wanalolitetea. Wacha nieleze, halafu mtaamua wenyewe.

Mwaka 1933 kiwanda cha akina Toyoda huko Japani, kilichokuwa kikitengeneza mashine za kufuma vitambaa, kilifungua idara ya magari chini ya Kiichiro Toyoda. Hawakuwa wamewahi kutengeneza injini ya gari. Wakafanya kile ambacho kila mwanaprogramu amewahi kufanya: wakachukua kazi ya mwingine inayofanya kazi, wakaifungua waone ndani kuna nini. Kazi hiyo ilikuwa Chevrolet ya 1933, yenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, valvu juu, ujazo wa lita 3.4 hivi. Kuchora ilikuwa rahisi. Kusubu bloku ya chuma yenye njia zote za maji ndani yake ndiko kulikowatoa jasho, na bloku nyingi zilitupwa kabla ya kupatikana iliyofaa. Injini ya kwanza, iliyoitwa Aina A, ilikamilika mwaka 1934. Mwanzoni ilikuwa na nguvu pungufu kuliko ile ya Chevrolet, mpaka walipobadili umbo la silinda hedi.

Mwaka 1935 wakatoa lori lao la kwanza, G1. Injini yake ilifuata Chevrolet, na fremu yake ikafuata Ford. Yaani tangu siku ya kwanza, magari ya Toyota yalikuwa mchanganyiko wa vitu ambavyo havikuzaliwa pamoja. (Na ndiyo, G1 ilikuwa ikiharibika ovyo njiani. Toleo la kwanza ni toleo la kwanza tu.)

Aina A ikazaa Aina B, injini ya malori makubwa. Sasa hapa ndipo kuna utamu. Mwaka 1951 polisi wa Japani walikuwa wakitafuta gari dogo la kupita mahali pabaya, na Toyota wakataka kuingia katika mashindano hayo. Hawakuwa na muda wa kubuni kila kitu upya. Walikuwa na lori dogo liitwalo SB, lenye injini ya silinda nne isiyofika hata lita moja, nguvu za farasi 27. Wakachukua fremu ya namna hiyo, wakaweka ndani yake injini ya lori kubwa: Aina B, silinda sita, lita 3.4, farasi 85. Wakaiita BJ. Julai mwaka huo dereva wao wa majaribio, Ichiro Taira, akaipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Polisi baadaye wakaagiza magari 289. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954.

Mnaona? Hili gari mnaloambiwa msiliguse lilianza kama fremu ya pikap ndogo iliyobebeshwa injini ya silinda sita kutoka gari lingine. Fundi yeyote wa Kirinyaga Road angeitambua kazi hiyo.

Na halikukaa hivyo. Mwaka 1955 ikaingia injini F, lita 3.9, nayo iliyotokana na malori. Hiyo ndiyo iliyoendesha FJ40 na FJ45 zilizosambaa Afrika miaka ya 60 na 70. Mwaka 1975 ikaja 2F, lita 4.2. Ukiweka F kando ya injini ya zamani ya Chevrolet utaona wanafanana kama binamu, ingawa spea haziingiliani. Huko Marekani wapo wengi walioweka V8 za Chevrolet kwenye FJ40 zao, na wakalaumiwa kwa kuchanganya koo. Mimi huona damu imerudi nyumbani tu.

Sasa turudi kwa mwenye FJ45 yetu. Kwa nini 1HZ? Kama unatafuta farasi utasikitika. 2F inatajwa kuwa na farasi 135 hivi, 1HZ nayo karibu 130, na haina tabo. Hapa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi inapunguza hata hizo. Faida iko kwingine. Dizeli inaenda mbali zaidi kwa kila lita, inavuta vizuri kuanzia chini, na pikap zilizotoka na 1HZ, yaani HZJ75 na baadaye HZJ79, zimejaa nchi hii. Spea zake utazipata hata miji midogo.

Kazi yenyewe iko kwenye maungio. Injini haikai hewani, lazima ishikane na giaboksi, fremu, tangi, breki na stima. Ganda la klachi la F halilingani na la 1HZ, kwa hiyo njia ya busara ni kutoa injini pamoja na giaboksi yake ya gia tano, H55F. Giaboksi hiyo ni ya ukoo mmoja na gia nne za Land Cruiser za mwisho za mfululizo wa 40, na inakubali kukaa huko bila vita kubwa. Ila ni ndefu zaidi, kwa hiyo propela ya nyuma hukatwa na ya mbele hurefushwa. Maunting za injini huchomelewa upya. Tangi huoshwa mpaka harufu ya petroli iishe, na linahitaji paipu ya kurudisha mafuta ambayo petroli ya kabureta inaweza kuishi bila hiyo.

Breki ndizo zinazosahaulika. Servo ya breki kwenye gari la petroli hupata mvuto wake kutoka manifoldi ya injini. Dizeli ya aina hii haina kizuizi cha hewa kwenye manifoldi, hivyo mvuto huo haupo. Toyota walitatua jambo hili kwa kuweka pampu ndogo ya mvuto kwenye injini. Ukinunua injini bila pampu hiyo, gari litawaka vizuri kabisa na mguu wako utakanyaga jiwe kwenye mteremko wa kwanza. Angalia pia volti: kuna 1HZ zilizojengwa kwa volti 24, na FJ45 ni ya 12.

Lakini kinachonifurahisha mimi kama mwanaprogramu ni hiki. Baada ya kuwaka, 1HZ inahitaji waya mmoja tu wa stima, ule unaofungulia mafuta kwenye pampu. Ukiukata, injini inazima. Hicho ndicho kiolesura chake chote! Linganisha na 1FZ-FE, injini ya petroli ya silinda sita ya mwaka 1992, lita 4.5, valvu 24. Hiyo ina nguvu kweli, zaidi ya farasi 200, na kuna watu wameiweka kwenye pikap za zamani. Ila unanunua injini, kompyuta yake, fungu zima la nyaya, vihisi na pampu ya mafuta yenye presha, na kimoja kikikosekana inaanza kukohoa. Magari yaliyofuata yakaongeza kufuli: kompyuta haiwashi injini mpaka itambue ufunguo. Hapo fundi mwenye spana peke yake amefungiwa nje, na anayemiliki gari anaomba ruhusa ya programu aliyoinunua pamoja na chuma.

Ndiyo maana naona mwenye FJ45 anayetaka 1HZ ana haki, na hata ana haraka, kwa sababu injini za kuhamishika kirahisi namna hii haziongezeki. Aitunze tu ile F mahali pakavu, imepakwa oili, kwa ajili ya mjukuu atakayetaka kuirudisha. Na kabla hajalipa chochote aombe karatasi za injini anayonunua. Logibuku ya Kenya ina nambari ya chasisi na nambari ya injini, na zikitofautiana na zilizo kwenye gari ni lazima NTSA wajulishwe. Nambari ya 1HZ imegongwa kwenye bloku. Aisome mwenyewe kwa tochi, asisomewe na muuzaji.