Mkereketwa hana moto

Katika Wilaya ya Kyerwa nchini Tanzania, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ziko chemchemi za maji moto za Mtagata. Henry Morton Stanley alizifikia mwaka 1876, siku alizokuwa mgeni wa Mfalme Rumanika wa Karagwe, akawakuta watu wakioga kutafuta nafuu ya maradhi. Jina la mahali hapo lina asili katika kitenzi cha wenyeji, kutagata, yaani kuwa na joto. Katika nchi ya milima ambako asubuhi ni ya baridi na ukungu, joto la namna hiyo ni neema.

Kijana wa huko akiingia kidato cha kwanza huwa na Kinyambo cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi, kisha hukutana na vivumishi vya Kiingereza vinavyochota hisia jikoni. *Ardent* chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini cha kuwaka, *fervent* ni cha kuchemka, *torrid* ni cha kukausha kwa joto. Mchina anayejifunza Kiingereza hapati taabu sana hapo, kwa kuwa lugha yake nayo huunganisha joto na hisia: *reqing*, ule uchangamfu wa kumpokea mgeni, ni joto na hisia vikiandikwa pamoja. Kijana wetu akifuata njia hiyohiyo kutafsiri *ardent* kwa Kiswahili, ataandika "mfuasi wa moto", na msomaji atajiuliza huyo mfuasi kamkasirikia nani.

Kiswahili kina jina lake tayari: mkereketwa. Gimbi lisiloiva vizuri hukereketa koo. Halichomi, linawasha, na mtu hawezi kutulia mpaka afanye jambo. Mkereketwa wa chama, wa timu au wa lugha ni mtu aliyeingiwa na kitu namna hiyo. Angalieni kauli ya kutendwa iliyomo ndani ya neno: jambo lenyewe ndilo lililomshika. Nchini Tanzania wanasiasa wamelitumia kiasi kwamba mashina ya wakereketwa yanajulikana hata vijijini, na kwangu mimi hakuna tafsiri bora ya *ardent* anapotajwa mtu. Koo si geni katika hisia za ukanda huu: katika Kinyankole, jamaa wa karibu wa Kinyambo, hasira ni *ekiniga*, na *okuniga* ni kukaba koo.

Si kwamba Kiswahili hakina joto la hisia. Kinalo, ila kimelipangia kazi, na sehemu kubwa ni kazi ya shari au ya kishindo. Mwenye harara ni mwepesi wa hasira. Fukuto la moyo ni uchungu usiopata pa kutokea. Mjadala hupamba moto, na mpinzani hatari ni moto wa kuotea mbali. Raha tumeiweka upande wa ubaridi: kuburudika kunatokana na mzizi wa Kiarabu wa baridi, na mambo yakiwa mazuri vijana husema ni poa. Yapo mapenzi motomoto, ni kweli, lakini hayo hayatoshi kuwa kanuni.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni vuguvugu. Maji vuguvugu hayajafika popote, si moto wala baridi. Waumini wa Karagwe, yaliko makao ya dayosisi ya Kilutheri tangu 1979, wanalijua kutokana na barua kwa kanisa la Laodikia katika Ufunuo wa Yohana, ambamo uvuguvugu ni imani ya nusunusu. Gazeti likiandika "vuguvugu la mabadiliko", linamaanisha kinyume chake kabisa: watu wameanza kuchemka. Kwa hiyo mwalimu anayelifundisha asitoe maana moja na kuondoka. Aulize kwanza kinachopata joto ni nini: maji, imani ya mtu mmoja, au umma?

Tena, vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache. Hata "moto" katika "maji moto" ni nomino iliyoazimwa kazi. Anayetafuta neno moja kwa kila kivumishi cha Kiingereza atakwama. Atumie "-enye ari", "kwa shauku", "kindakindaki". *Fervent* ikiambatana na sala ni maombi ya bidii. Ukanda wa *torrid* wa wanajiografia ni ukanda wa joto, na hapo tu ndipo joto linabaki kuwa joto. Mapokezi ya reqing ni ya bashasha, ya moyo mkunjufu, yaani moyo uliokunjuliwa.