Jiometri ya haipaboli (kwa watoto)

Jiometri ya haipaboli ni elimu ya maumbo katika uso ambao nafasi yake huongezeka haraka mno kadiri unavyotoka katikati. Kwenye karatasi bapa, pembe za ndani za pembetatu hufanya jumla ya nyuzi 180. Kwenye uso wa haipaboli jumla huwa pungufu. Nikolai Lobachevsky wa Urusi aliichapisha jiometri hii mwaka 1829, na János Bolyai wa Hungaria mwaka 1832.

Kielelezo cha uzi. Mtoto wa Tunduma, mkoani Songwe, anaweza kuigusa jiometri hii kwa mkono. Mama anayefuma kitambaa cha kochi akiongeza vitanzi kwa kiasi, kitambaa hulala bapa mezani. Akifuma vitanzi viwili juu ya kila kimoja, duru baada ya duru, ukingo hukosa pa kulala, hujikunja kama jani la saladi. Mwaka 1997, Daina Taimiņa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma kielelezo cha namna hiyo.

Diski ya Poincaré. Katika kielelezo hiki kingine, chenye jina la mwanahisabati Poincaré, uso wote wa haipaboli huchorwa ndani ya duara. Maumbo yaliyo sawa huonekana madogo kadiri yanavyokaribia ukingo. Mtembeaji ndani ya diski naye hupungua vivyo hivyo, kwa hiyo ukingoni hafiki kamwe.