Ugavi wa Fedha za Misaada kwa Shauri la Wenyeji (Kivu ya Kusini)

Ni utaratibu wa kuwashirikisha watu waliokusudiwa fadhila katika kuamua itumike vipi. Nao ni kinyume cha kaida ya wakfu, ambamo sharti la mtoaji ndilo hutawala na mutawali, yaani msimamizi wake, ni mtekelezaji tu.

Katika jimbo la Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambalo makao yake makuu ni Bukavu, jaribio lake mashuhuri ni mradi wa Tuungane, ulioendeshwa kati ya 2007 na 2010 na International Rescue Committee pamoja na CARE, kwa fedha za serikali ya Uingereza, ukienea hadi Maniema na Katanga. Kwa kuwa hazina haikuwatosha wote waliostahiki, walionufaika walipatikana kwa kura ya bahati iliyopigwa hadharani. Kisha wanakijiji wakachagua kamati ya maendeleo, kila kijiji kikatengewa kiasi cha dola 3,000, na umoja wa vijiji kadhaa dola 50,000 hadi 70,000, wenyewe wakajadiliana kama haja yao ni shule, zahanati au maji. Wengi walitaka shule, wala si ajabu katika nchi ambayo wazazi walizoea kuwalipa walimu kutoka mifukoni mwao.

Ili kupima athari yake, Macartan Humphreys wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walitoa dola 1,000 kwa kila kimoja cha vijiji 560, takriban nusu yao vikiwa vimepitia Tuungane, wakatazama nani ataamua na fedha zitaishia wapi. Taarifa yao ya 2012 haikuona tofauti ya maana. Wapo waliohukumu kwamba mashauriano hayana faida. Hukumu hiyo ni ya haraka, maana wenyeji waliulizwa jengo lipi lijengwe, hawakuulizwa fungu liwe kiasi gani wala ligawiwe kwa kanuni ipi, na miaka michache ya mikutano ni muda haba mno wa kubadili tabia ya utawala.

Mjini Bukavu kwenyewe, wazo hilo liliingia katika fedha za umma: kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakazi wa komini kama Ibanda na Bagira walishirikishwa kupanga sehemu ya bajeti, kwa mfano wa Porto Alegre, Brazili, ulioanza 1989, wakipashwa habari kwa simu za mkononi.

Katika ngazi ya dunia pia wazo la kuwapa wenyeji nafasi lilikubaliwa: mwaka 2016, mjini Istanbul, wafadhili wakubwa wa dunia waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura zingewafikia watendaji wa nchi husika. Mwaka 2020 ulipita, na ahadi haikutimizwa.